Maua ya Bure Malishoni kwa Mama Mkwe

Jumamosi, 2 Machi

Mama mkwe ameondoka asubuhi. Anakwenda kumsaidia shemeji yangu aliyejifungua mapacha. Atarudi mwisho wa Mei. Ameniachia vitu viwili: ng'ombe wake, anayeitwa Bibie, na malisho ya nyuma ya nyumba, yanayoteremka hadi kwenye kibwawa anachonywea Bibie.

Ameniachia na sharti. Akirudi akakuta kila kitu kama alivyokiacha, atanipa chumba cha mbele. Chumba cha mbele! Chenye dirisha linalotazama barabara! Nitakuwa mpambaji wa harusi mwenye duka, si mpambaji wa harusi mwenye uvungu wa kitanda. Kwa sasa vikapu viko uvunguni, vitambaa viko juu ya kabati, na nguzo nne za plastiki ziko bafuni. Mke wangu akitaka kuoga huzitoa kwanza, moja moja, huku akisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Yeye ni fundi cherehani. Cherehani yake iko jikoni, karibu na jiko, na nguo za wateja hunukia vitunguu. Naye anakitaka chumba kile kuliko mimi. Ameshakata kitambaa cha pazia.

Kabla ya kupanda gari, Mama alinitembeza malishoni akanionyesha kila jani. Huu ukoka. Huu mchunga. Hiki kivumbasi, nyuki wanakipenda. Hizi nyasi za vishungi, mama yake alizikuta hapa. Nikaitikia kila mara. Kwangu mimi zote ni nyasi. Nilimwambia aende kwa amani, nyasi hazijawahi kumshinda mtu.

Jumatatu, 4 Machi

Kuamka tu, macho yakamwangukia Utepe ng'ambo ya barabara. Utepe ndiye mpinzani wangu. Tunamwita hivyo kwa sababu hufunga utepe kwenye kila kitu. Mwaka jana alifunga hadi kwenye jenereta. Ana duka, ana kibao, ana gari dogo la kubebea viti. Leo alikuwa anapokea maboksi ya vile vijiua vyeupe vidogo vya kujazia mashada. Vinatoka mbali, vimelazwa kwenye barafu. Kwenye barafu, kama samaki! Akaniuliza kwa sauti ya mtaa mzima kama mimi bado natumia pamba.

(Nilitumia pamba mara moja. Mvua ikanyesha.)

Roho iliniuma. Nikaenda kutembea ili nisimjibu. Lakini Mungu si Athumani! Kando ya barabara mpya, palipomwagwa kokoto, nimekuta vijiua vyeupe vidogo vidogo, vingi kama povu la sabuni. Havina mwenyewe. Havina barafu. Vinaota kwenye mawe bila maji wala mbolea, na mbuzi wanavipita kando bila kuvigusa. Nikajiambia: ua ambalo hata mbuzi haliibi, hilo ndilo ua la biashara.

Nimelipa jina. Povu la Bi Harusi. Majani yake yanafanana na ya karoti, lakini nani huangalia majani? Nimekung'uta mbegu kwenye leso. Kiganja kimoja tu. Kiganja kimoja kitafanya nini?

Jumanne, 5 Machi

Nimelima kona ya malisho, upande wa uzio. Ukoka uligoma kutoka. Tulivutana hadi jua likawa kali. Kivumbasi kilitoka kwa urahisi na kunukia vizuri kilipokuwa kinakufa, nikaona ni dalili njema.

Mke wangu alichungulia dirishani na pini mdomoni, akauliza nafanya nini. Nikasema naboresha. Akatoa pini mdomoni. Akitoa pini, jua kuna neno. Akauliza kama Mama aliomba kuboreshewa. Nikamjibu kwa hekima: mgeni njoo, mwenyeji apone. Malisho yale yamekaa na wenyeji tu tangu enzi za bibi yake. Yanahitaji damu mpya.

Akarudisha pini.

Jumamosi, 30 Machi

Limeota! Lote! Na jambo la ajabu: penye Povu halioti jani lingine. Hakuna ukoka, hakuna mchunga, hakuna chochote. Kona nzima ni Povu tupu. Sijapalilia hata mara moja. Linajipalilia lenyewe! Nimesimama pale nikaguswa moyo kabisa. Laiti ningekuwa na kibarua kama huyu.

Nimerudi kwenye kokoto na gunia. Nimemwaga mbegu nusu ya malisho, kuteremka mpaka karibu na maji. Bibie nimemwachia nusu nyingine. Ng'ombe mmoja ale malisho yote ya nini?

Utepe alisimama kwenye uzio akauliza nimepanda zao gani. Karoti, nikasema. Akauliza tangu lini mimi na karoti. Nikasema ni kwa ajili ya macho. Akaondoka anageuka nyuma kila hatua. Ana wivu. Nalala vizuri leo.

Jumapili, 14 Aprili

Maua ya kwanza! Meupe, mengi, ya bure. Nimeyapeleka kwenye kikao cha kamati ya harusi ya binti wa mwalimu mkuu. Mwenyekiti ni shangazi wa bi harusi, mama mwenye mkoba mkubwa na msimamo mkubwa zaidi. Utepe naye alikuwepo na boksi lake la barafu. Maua yake yalikuwa yamenyauka kidogo kwa safari. Yangu yalikuwa na umande. Shangazi akauliza nani anaweza kujaza ukumbi mzima. Nikasema ukumbi na barabara yake.

Nimepata kazi! Utepe uso ulimshuka.

Viganja vinaniwasha. Watu husema kiganja kikiwasha, pesa inakuja. Vyangu vinawasha vyote viwili, hadi kwenye viwiko. Nasubiri pesa nyingi.

Jumamosi, 27 Aprili

Harusi. Nimepamba tangu alfajiri. Povu kwenye meza, Povu kwenye nguzo, Povu kwenye shada la bi harusi, mataji ya Povu kwa wapambe wanne. Ukumbi ulipendeza. Nasema bila kujisifu. Kujisifu nilishamaliza asubuhi.

Wakati wa kiapo bi harusi akaanza kutokwa machozi. Kisha mama yake. Kisha meza nzima ya wakwe. Watu wakasema hawajawahi kuona harusi yenye hisia kama hii. Mzee mmoja alinishika mkono kunipongeza, akapiga chafya mpaka miwani ikadondoka. Wapambe walianza kujikuna shingo, kwa zamu, halafu kwa pamoja. Mpiga muziki akadhani ni mtindo mpya, akawawekea mdundo. Nusu ya ukumbi ikainuka ikacheza kwa kujikuna. Ilikuwa inapendeza, kwa kweli, mpaka wakashindwa kuacha.

Bwana harusi alikubali kwa pua iliyoziba. Inahesabika.

Shangazi alinifuata nikiwa nafungua nguzo. Jicho moja lilikuwa limevimba hadi kuziba. Akauliza maua haya nimeyatoa wapi. Nikasema ni siri ya kazi. Jicho lililobaki liliniangalia kwa muda mrefu.

Utepe alikuwa amealikwa kama mgeni. Alikaa karibu na mlango muda wote, kwenye upepo, mzima wa afya. Nashuku amenifanyia kitu.

Jumatatu, 6 Mei

Mama wa kibanda cha chai amerudisha maziwa ya Bibie. Anasema chai yake imekuwa chungu, na wateja wamemwangalia kama mchawi. Nikaonja. Chungu kama shubiri!

Nimekwenda kumkabili Bibie. Amesimama kwenye ile nusu yake. Ile nusu yake sasa ni robo. Povu limevuka mpaka bila ruhusa, na nyasi zilizobaki Bibie amezila hadi kwenye udongo. Alikuwa anatafuna Povu kwa uso wa mtu aliyekosa chaguo. Nikamwambia asinilaumu mimi, mbuzi wenye akili hawalili.

Ufumbuzi: nimebandika karatasi kwenye ndoo. MAZIWA YA TIBA. Jirani mstaafu alinunua, akanywa, akasema anajisikia nafuu. Kisha akauliza ni nafuu ya nini. Sikuwa nimefikiria hadi hapo.

Mke wangu ameacha kushona pazia. Sindano imebaki katikati ya kitambaa. Anasema ataendelea atakapoona nyasi.

Alhamisi, 9 Mei

Bibi shamba amekuja. Yule mama wa chai ndiye aliyempelekea habari, pamoja na maziwa kwenye chupa. Mtaalamu mwenyewe ni binti wa juzi tu, buti hadi magotini. Alifika kwenye uzio, akasimama, akasema "Mungu wangu." Nikamshukuru. Akasema hajasifia.

Linaitwa gugu karoti. (Kwa hiyo Utepe sikumdanganya sana.) Limetoka bara jingine kabisa. Mche mmoja unatoa mbegu maelfu kwa maelfu. Linaacha sumu udongoni ili mbegu za wenzake zisiote, ndiyo maana lilikuwa linajipalilia. Linaunguza ngozi, linabana pumzi, linatia maziwa uchungu. Akaangalia mikono yangu akauliza hii imeanza lini. Nikasema nasubiri pesa.

Nikauliza kama gugu baya namna hii huko kwao limewamaliza. Akasema hapana, kwao lina wadudu na magonjwa yake ya kulipunguza. Huku lilikuja peke yake, halina adui. Nimelifikiria hilo siku nzima. Mimi nimezaliwa hapa na nina adui kila kona. Gugu limefika juzi tu, halina ndugu, halina adui, na limeshachukua malisho. Kibiashara, lazima nikiri, linajua kazi.

Ameagiza ling'olewe lote kwa mkono, na glavu, na barakoa, kabla halijaangusha mbegu zaidi, kisha lichomwe. Akasisitiza: lisikatwe juu juu, na lisipeperushwe.

Mama anarudi tarehe ishirini na tano.

Jumatano, 15 Mei

Kung'oa kwa mkono ni kazi ya mtu asiye na akili. Nimeazima mashine ya kukatia nyasi kutoka ukumbini. Asubuhi moja tu, malisho yote chini! Mashine hii ina bomba la kupuliza takataka, inarusha vizuri sana. Vumbi jeupe lilipanda hadi juu ya paa likatua kila mahali, hata kwenye ile robo ya Bibie. Nilipiga chafya mpaka nikakaa chini. Mke wangu alifunga madirisha yote akiwa ndani, na mlango pia, mimi nikiwa nje.

Ukisimama mbali na kukodoa macho, panaonekana kama malisho.

Jumamosi, 25 Mei

Mvua imenyesha wiki nzima. Povu limerudi, na limerudi na ukoo wake wote.

Mama alifika saa tisa. Hakuingia ndani. Aliweka mkoba kwenye ngazi, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama. Nilikuwa nimeandaa maelezo matatu tofauti. Sikutumia hata moja, kwa sababu hakuuliza. Alitembea polepole katikati ya yale maua meupe, akifunua majani kwa mguu, akitafuta. Ukoka hakuna. Mchunga hakuna. Kivumbasi hakuna, wala nyuki mmoja. Alipofika karibu na maji akachuchumaa. Palikuwa na shungi moja la zile nyasi za mama yake, limebanwa chini ya jiwe, jembamba.

Akasema mama yake, kila alipomaliza kukata majani ya ng'ombe, alikaa pale, kwenye zile nyasi, na yeye akimkumbuka sana huja kukaa hapo hapo. Alisema kwa sauti ya kawaida. Kisha akajifuta macho kwa upande wa khanga, na hakuwa amepiga chafya.

Nilijisikia vibaya. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nikasema karibu nyumbani.

Akaangalia kibwawa. Maji yalikuwa safi na matulivu, Bibie anakunywa. Akasema, "Angalau maji yamebaki." Akaingia ndani.

Jumapili, 26 Mei

Tunang'oa. Mama, mke wangu, mimi, na bibi shamba na buti zake. Nilijaribu kuchangamsha watu kwa ule msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone. Mama akasema upo na mwingine: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akanipa jembe. Nikawa sina uhakika kama mgeni ni gugu au mimi.

Adhuhuri, Utepe akaingia kwenye lango. Hakuna aliyemwita! Alikuja na glavu zake, barakoa yake, na boksi zima la barakoa za watu wengine. Aling'oa mpaka jioni, mashina na mizizi, bila kusema neno kuhusu pamba. Mtu anapokuwa mwema kiasi hicho lazima ana mpango. Nilimwangalia sana. Kwa sababu hiyo niling'oa kidogo.

Bibi shamba anasema mbegu zitalala udongoni na kuota tena, mwaka hadi mwaka, na itabidi tung'oe kila mara kabla halijachanua. Ukoka utarudishwa vipande kwa vipande. Lile shungi moja la nyasi Mama amelizungushia vijiti. Bibie anakula majani ya kununua, na ananitazama.

Jumamosi, 8 Juni

Mama ametuita sebuleni kutoa uamuzi wa chumba cha mbele. Nilivaa shati jeupe la mikono mirefu. Upele haujaisha.

Chumba amepewa Utepe. Utepe! Duka lake la ng'ambo linabomolewa kupisha upanuzi wa barabara, anahamishwa, na alikuwa anatafuta mahali. Nusu ya chumba. Nusu ya pili ni ya mke wangu na cherehani yake, na mke wangu atamshonea Utepe vitambaa vya meza. Wamekwisha kubaliana. Pazia limemalizwa. Ni zuri, lazima niseme, na limefungwa pembeni kwa utepe.

Mama alisema si hasira. Mimi ni mkwe wake na atanipikia mpaka mwisho wa dunia. Ila chumba kile kinataka mtu anayeuliza kabla ya kupanda. Nikasema nimekuelewa, Mama. Akaniuliza nimeelewa nini. Nikasema kuuliza kabla ya kupanda. Akasema haya, baba, kaoge.

Nikaenda kuoga. Nikatoa nguzo kwanza. Moja, mbili, tatu, nne.

Jumapili, 16 Juni

Nimekuwa mtu mpya. Nimekaa wiki nzima nikitafakari, na nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Lilikuwa udongo. Sumu iliingia kwenye udongo, mbegu zikalala kwenye udongo, mizizi ya watu ilifia kwenye udongo. Bila udongo, pasingekuwa na kesi.

Nayaandika haya kwa sababu jana nilikwenda kupamba sherehe ya kustaafu ya meneja mmoja, kwenye hoteli yenye ziwa la kuchimbwa. Na juu ya lile ziwa, nimeona! Maua ya zambarau, makubwa, mazuri, yenye doa la njano kama jicho, yanaelea. Majani manene yamejaa hewa kama vibofu. Hayana kokoto, hayana udongo, hayana barafu. Yamefunika ziwa lote hata mtu haoni maji. Nikamfikiria Utepe kwenye dirisha langu na boksi lake, na moyo ukanidunda kwa mara ya kwanza tangu Mei.

Nikamuuliza mlinzi, kwa sababu siku hizi mimi huuliza kwanza, kama naweza kuchukua kidogo. Mlinzi akasema nichukue ninachotaka. Akanisihi nichukue yote. Akaniletea ndoo mwenyewe, akanisaidia kupakia, akaniuliza kama nina rafiki mwenye lori. Watu wema bado wapo duniani.

Ndoo nimeificha bafuni, nyuma ya nguzo. Leo, wakati Mama amelala kidogo na mke wangu yuko chumba cha mbele anapima meza za Utepe, nimeteremka hadi kwenye kibwawa. Nimepita kando ya lile shungi la nyasi kwa uangalifu mkubwa, sikuligusa. Mama alisema niulize kabla ya kupanda. Hili sikulipanda. Nimeliweka tu juu ya maji.

Bibie aliacha kunywa akaniangalia. Nikamwambia atulie. Nimeweka moja tu. Moja tu litafanya nini?